Ukoga wa Mahembe

"Fungua kabisa, mzee. Kama unapiga miayo."

Nikafungua. Binti aliyeniinamia alivaa barakoa ya buluu, macho tu ndiyo yaliyoonekana, na kifuani alikuwa na kibandiko cha jina: Leokadia. Alikuwa amekwisha kuniamkia, amenifunga kitambaa shingoni kama mtoto anayelishwa uji, na amekilaza kiti mpaka damu ikanishukia kichwani. Kwenye lango la mji ule hakuna anayeingia bila kulazwa pale. Nimepita malango mengi katika kutembea kwangu. Mengine wanataka kitambulisho, mengine wanataka kitu kidogo. Hili walitaka meno.

"Sheria inasema nikueleze kila jambo kabla sijalifanya," alisema. "Kwanza naangalia tu, kwa kioo. Halafu napima ufizi kwa kijiti hiki, kinachoma kidogo. Halafu nakwangua ukoga, na hapo ndipo penye kazi. Mwisho napitisha brashi, unasukutua, unakwenda zako. Ukisikia maumivu usiongee, utaning'ata. Nyosha mkono wa kushoto, nitasimama. Sawa, baba?"

"Kwetu jino likisumbua tunalifunga uzi," nilimwambia, "uzi tunaufunga mlangoni, mtu anasukuma mlango."

"Naona." Kioo kilikuwa tayari kinatembea mdomoni. "Na huo mlango mmeusukuma sana. Huku nyuma pamebaki mahame."

Nilicheka, na kucheka umelala huku mtu ameshika kioo kooni mwako ni kazi. Akanisubiri nimalize. Kisha akachukua kabari ya mpira, akaichomeka kati ya magego yaliyobaki upande wa kulia, na tangu hapo mdomo haukuwa wangu tena. Haufungiki, haumezi vizuri, hausemi. Mrija wa kunyonya mate ulininginia pembeni ya ulimi ukikoroma kama mtu mwenye mafua.

Kijiti kilianza kuzunguka ufizi. Kila kinapogusa alitaja namba kwa sauti ndogo, na kisomeo kilichokuwa ukutani, mashine iliyoumbwa kama jiko la mafuta lenye kioo mbele, kilirudia namba zile kwa taa.

"Ufizi unatoka damu," alisema. "Umevimba. Siku nyingi?"

Nikaguna.

"Haya. Sasa nakwangua. Chombo hiki kinatetemeka na kutoa maji, usishtuke. Utasikia mlio kama nyuki ndani ya kichwa. Meno yanaweza kupata ganzi. Ndiyo kawaida."

Mlio ukaanza. Ni kweli ni nyuki, lakini nyuki waliokasirika. Vipande vya ukoga vilikatika na kupita kwenye mrija, nikavisikia vinagonga sinia ndogo chini ya kisomeo, tik, tik, kama mchele wenye mawe.

"Unajua birika la chai linavyoota gamba kwa ndani?" Aliongea huku akifanya kazi, nadhani kwa mazoea ya kutuliza wageni. "Ukoga ni hivyo hivyo. Mate yanakauka, yanashikana na chumvi, yanageuka jiwe. Tabaka juu ya tabaka. Maji uliyokunywa yamo, moshi uliouvuta umo, vumbi la njia limo. Hata homa iliyokupata ukapona mwenyewe, imo. Hiki kisomeo kinafungua tabaka mojamoja. Mtu anaweza kusema ametoka popote. Ukoga hauwezi."

Hakuwa ananiambia jambo jipya. Mahembe nzima walikuwa wanajua.

Mahembe ni kisima. Kando yake kuna nyumba ambazo ukipita hewani hutaziona, zimeezekwa nyasi za mbugani zenye rangi ya ardhi. Walioko pale ni watu waliokataa kuhamishwa wakati wa homa ya visima, serikali ilipoanza kuziba kila kisima chenye vimelea na kuwapeleka watu kwenye maghorofa ya mji ule. Dada yangu Milembe yuko pale. Yuko na makaburi ya watoto wake na ya mume wake, na mtama wake. Mimi huenda pale, nikakaa kidogo, miguu ikaanza kuwasha, nikaondoka. Safari hii nilitaka kuliona ziwa kubwa mara moja tena kabla macho hayajafumba, na njia ya ziwani ni hii moja inayokatiza mji.

"Si ukae tu, kaka," Milembe aliniambia. "Ziwa ni maji. Hapa pia pana maji."

Sikukaa. Ndipo akaniandaa kama wanavyomwandaa kila anayetoka Mahembe. Alitwanga makaa ya mgunga, akachanganya na magadi ya mbuga ya chini, akanikalisha kwenye kigoda na kunisugua meno kwa kidole chake mwenyewe, jino moja baada ya jingine, mpaka nikatema mate meusi. "Wakwangue sasa," alisema. "Watakuta nini?" Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Bakuli la makaa lilimponyoka, akacheka, akaokota, likamponyoka tena.

*

Nyuki walinyamaza.

Leokadia alikuwa ameshusha chombo na anatazama kioo cha kisomeo. Pale palitokea picha ya ufizi wangu, nyekundu, na chini ya kila jino mstari mweusi, kama chale za mganga.

"Mzee," alisema. Kisha akaenda mlangoni, akausukuma ukafunga, akarudi. "Ulijisugua kwa makaa."

Nikaguna tena.

"Nani aliwadanganya kwamba makaa yanafuta? Yanafuta ya juu. Ya chini ya ufizi yanabaki, na ukisugua kwa nguvu unayasukuma ndani zaidi, yanatuama huko, na magadi juu yake. Hakuna watu wengine wanaojisugua hivi. Mjini wana dawa, vijijini wana miswaki ya miti. Mtu mwenye weusi huu tumekwisha kumwona hapa, si wewe wa kwanza. Wa mwanzo alikuwa nao kidogo sana, kisomeo kikauacha. Wa kwako umejaa."

Nikawaza mikono ya Milembe. Alisugua kwa nguvu kwa sababu ananipenda. Angekuwa mvivu, ningepita.

Kwenye kioo cha kisomeo maandishi yalikuwa yanawaka na kuzima. Sikuyasoma vizuri, nimelala na miwani wamenivua, lakini Leokadia alinisomea.

"Kinauliza makaa haya yametoka wapi. Hicho ndicho kitu pekee ambacho hakijui, kwa hiyo kinamuuliza binadamu. Nikiandika ni dawa ya dukani, yanaishia hapa. Nikiandika sijui, kitaingia kwenye ramani, kitafananisha hayo magadi na mbuga moja moja mpaka kiipate yenyewe. Kikiipata watatuma magari."

Niliinua mkono kuishika kabari. Akaushika mkono wangu, taratibu lakini kwa nguvu.

"Usiitoe. Ukiitoa kitahesabu umekatisha. Anayekatisha anapelekwa ua wa nje, na jibu kinajiandikia chenyewe. Kaa hivyo hivyo."

Nikakaa hivyo hivyo. Mate yalinijaa, mrija ukayafuata, ukayakosa, yakashuka shingoni chini ya kitambaa.

"Walituleta hapa nikiwa mgongoni mwa mama," alisema Leokadia. Sasa alikuwa haongei kwa mazoea. "Kisima chetu walikimwagia zege. Mama mpaka leo akifungua bomba ananusa kwanza. Kwa hiyo hilo neno, dawa ya dukani, mimi nimekwisha kuliandika zamani moyoni. Kidole changu hiki hapa. Ila kuna jambo, baba."

Akakigeuza kioo cha kisomeo nikaona vizuri zaidi. Katikati ya ule mstari mweusi palikuwa na nukta za kijani, nyingi, zimelala pamoja kama mayai ya chura.

"Ni vimelea. Unavyo. Vinakaa hapo chini ya ukoga, dawa ya kunywa haivifikii, ndiyo maana tunakwangua kwanza, halafu natia matone kwenye ufizi. Wewe utapona, tumewahi. Lakini umevipata kisimani. Na wanaokunywa kila siku maji yale wanavyo vingi kuliko wewe. Mvua zikianza vinaamka. Shingo inakakamaa, mtu analala, haamki. Ufizi kutoka damu ni mwanzo. Mikono ikianza kutetemeka, vitu vikawa vinamponyoka mtu, huyo yuko mbali."

Nje ya dirisha anga ilikuwa na mawingu meupe, yale yanayopita tu. Bado kidogo yangekuwa meusi.

"Siwezi kwenda na matone," alisema kabla sijajua kwamba ndilo nililotaka kumuuliza. "Hayatoki nje ya chumba hiki, na bila kukwangua ni maji tu. Na hao wa magari hawatibu kisima, wanakizika. Kwa hiyo nakuuliza wewe, mimi siwajui watu wako. Kuna mtu huko ambaye ameanza kuangusha vitu? Kama yupo, nyosha mkono, nitaandika sijui. Kama hayupo, tulia, nami naandika dawa ya dukani na tunaendelea na brashi."

Ningekuwa na mdomo ningemwambia mengi. Ningemwambia kwamba mimi sistahili kuulizwa, mimi ni mtu wa kupita. Ningemwambia kwamba Milembe alikwisha kusema mbele yangu, zaidi ya mara moja, kwamba atakufa pale na azikwe kati ya mume wake na kitindamimba wake, na sehemu ameipima kwa miguu. Ningemuuliza kama mtu akisema hivyo akiwa mzima, inahesabika akiwa mgonjwa. Na wengine je? Kuna akina mama wanaonyonyesha pale. Nani amewauliza hao? Watoto wao je? Haya yote yalinijaa kifuani, yakapanda mpaka kwenye kabari, yakakwama.

Maandishi yaliendelea kuwaka na kuzima.

Niliona bakuli linaanguka. Niliona anacheka.

Nikanyosha mkono wa kushoto.

Leokadia aliutazama. "Ni maumivu," akauliza, "au ni jibu?"

Sikuushusha. Akageuka, akabonyeza. Kisha akanirudia, akatia matone, akapitisha ile brashi ya mpira yenye dawa ya chengachenga kama mchanga wa mtoni, kwa upole, kila jino mbele na nyuma, kama alivyoahidi. Alipoitoa kabari taya langu lilibaki wazi lenyewe kwa muda, halikujua kufunga.

"Sukutua," alisema. "Usinywe kitu cha moto leo. Ukiona damu kidogo kwenye mate usiogope. Ni kawaida."

*

Sikwenda ziwani.

Nilikaa kwenye ukumbi wa wageni pale langoni, kwenye mabenchi ya plastiki, na kila aliyekaa karibu alidhani namsubiri mtu. Na kweli nilikuwa namsubiri. Ulimi wangu ulikuwa haukomi kupapasa meno. Yalikuwa laini, yana nafasi katikati ambazo sikuwahi kuzijua, hewa inapita. Mdomo wa mtu mwingine.

Magari yaliondoka yakiwa na mapipa ya zege yanayozunguka mgongoni, na mabasi nyuma. Yaliporudi mapipa yalikuwa yamesimama.

Watu wa Mahembe waliteremka na vyombo vyao. Kuna aliyebeba kinu. Kuna aliyebeba mlango. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alinijua, akanipungia kwa furaha kabisa, kama tumekutana mnadani. "Na wewe wamekukamata, mzee Shigela!" Nikapunga. Sikumwambia.

Milembe aliteremka wa mwisho, ameshikwa mabega na dereva. Shingo alikuwa anaigeuza pamoja na mwili, kama mtu aliyelalia vibaya. Aliponiona akasimama.

"Kaka. Uko mzima."

"Nipo."

"Nilijua wamekuua barabarani. Walipokuja, nikasema hawa wamempata kaka, wamempiga mpaka akasema. Nikawaambia wenzangu msimlaumu, ni mtu mzima, amepigwa." Alinisogelea, akanishika kidevu kama siku ile kwenye kigoda, akanitazama mdomo. "Wamekung'oa mangapi?"

"Hawajaning'oa. Hawakunipiga, Milembe."

"Sasa walijuaje?"

Ningeweza kumwambia ni makaa. Ingekuwa kweli, na ingekuwa mkono wake. Ningeweza kumwambia nilinyosha mkono kwa sababu kiliuma, na hilo nalo lilikuwa na ukweli ndani yake. Dereva alikuwa anasubiri, kofia mkononi.

"Waliniuliza kama kuna mgonjwa," nilisema. "Nikasema yupo."

"Mgonjwa gani?"

"Wewe."

Aliachia kidevu changu. Hakupiga kelele. Aliifunga midomo, taratibu, kama mtu anayefunga mfuko wa mbegu, akamwashiria dereva amwongoze.

*

Leokadia aliniruhusu niingie na Milembe. Alimwamkia, akamfunga kitambaa, akakilaza kiti.

"Shikamoo mama. Jina langu Leokadia. Sheria inataka nikueleze kila ninachofanya. Kwanza nitaangalia tu, kwa kioo. Fungua kabisa, kama unapiga miayo."

Milembe alitazama taa.

"Mama. Ni kuangalia tu."

Hakufungua.

Leokadia alishusha barakoa, labda ili Milembe amwone uso. Alikuwa binti mdogo kuliko nilivyodhani, ana mwanya mkubwa mbele. Akamweleza yote: vimelea viko wapi, kwa nini dawa haipiti, matone yanafanya nini, kwamba hayaumi. Akamwambia wale wengine wote wamekwisha kufungua, na watoto pia, na ni wazima. Milembe alimsikiliza kwa adabu zote. Aliitikia hata kwa kichwa, kwa shida, pale alipoambiwa kwamba mvua ziko karibu. Lakini midomo ilikuwa imekutana.

"Simfungui mtu kwa nguvu," Leokadia aliniambia, kama nimemtuma. "Haturuhusiwi, na hata tungeruhusiwa nisingefanya. Asiyefungua anakaa ua wa nje. Wanapewa chakula, wanapewa blanketi. Mvua zikija..." Akaniwekea kabari ya mpira mkononi. "Mimi natoka kidogo. Wewe ni ndugu yake."

Mlango ukafunga.

Nimechunga ng'ombe wa watu nusu ya nchi hii. Ndama akikataa dawa unamshika hivi, mkono mmoja chini ya kidevu, kidole gumba pembeni pale taya linapoishia, unabonyeza, na anafungua, apende asipende. Sikufundishwa na mtu mwenye cheti, lakini hakuna ndama aliyewahi kunishinda. Na shavu la mtu halina tofauti kubwa.

Nikaweka mkono. Shavu lilikuwa la moto. Chini ya kidole niliisikia misuli imekaza, na pembeni yake ile sehemu yenyewe, laini, inasubiri. Milembe hakuugeuza uso, na kwa shingo ile asingeweza. Alinitazama tu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatazama kama mtu anayetaka kujua, mara hii, nitafanya nini.

"Milembe," nilisema. "Nifungulie. Nakuomba mimi kaka yako."

Kisomeo kiliwaka taa ukutani, kinasubiri.

"Kisima kimekwenda. Kimekwenda, nimekimaliza mimi, nitajibu. Lakini wewe bado upo."

Kidole changu kilikaa pale kwa muda mrefu. Kisha nikakitoa, nikaufunga mkono juu ya kabari, nikakaa kwenye kiti kidogo cha magurudumu cha Leokadia.

Ndipo akafungua.

"Nina kiu," alisema.

Meno yake yalikuwa yanaonekana yote, na ufizi, na damu kidogo pembeni. Nilikuwa karibu, na kabari ilikuwa mkononi. Sikuisogeza. Niliinuka nikafungua bomba la kusukutulia, nikajaza kikombe cha karatasi, nikamshikia kwa sababu mikono yake isingekishika.

Aliyanusa. Kisha akayatazama nilipoyatikisa kidogo ndani ya kikombe, meupe, hayana hata chembe.

"Ya wapi haya?"

Nikafungua mlango nikamuuliza Leokadia, aliyekuwa amesimama ukutani nje na barakoa mkononi. Alifikiri. Akamuuliza mlinzi. Mlinzi akasema ya bomba. Leokadia akamwambia anajua ni ya bomba, lakini kabla ya bomba yanatoka wapi. Mlinzi akacheka, akasema hilo halijawahi kuulizwa na mtu.

Nikarudi ndani. Milembe alikuwa bado ananisubiri nimjibu.

"Hawajui," nilisema.

Akakisukuma kikombe kwa mgongo wa mkono, maji yakanimwagikia mkononi, na akaufunga mdomo.